Kitufe cha Pole

Kwa miezi minane nilitengeneza vitu ambavyo hakuna mtu aliyevihitaji, na nilivitengeneza vizuri sana. Kampuni yetu inasambaza bidhaa: sabuni, sukari, bati, misumari. Ofisi iko Makiso, hapa Kisangani, karibu na bandari. Ghala kubwa liko Bangboka, upande wa uwanja wa ndege. Na bohari dogo liko Bengamisa. Mimi niliajiriwa kutoka Kindu ili nitengeneze mtandao wa ndani, yaani tovuti ya wafanyakazi peke yao, waifungue kwenye simu zao na wasome habari za kazi. Wao waliiita "site", na mimi wakaniita "maman wa site", jina ambalo halikunipendeza hata siku moja.

Niliweka ujumbe wa mkurugenzi wa kila Jumatatu. Niliweka kanuni za kazi, kurasa sitini, zenye sehemu ya kutafutia neno. Niliweka ukumbi wa mazungumzo, na kwa miezi minne ukumbi huo ulikuwa na ujumbe mmoja tu, "Karibuni wote", ambao niliuandika mimi. Niliweka sanduku la maoni pia, likapokea oni moja kutoka kwa mtu asiyetaja jina: "Choo ya chini haina mulango." Nilikwenda kutazama, na kweli haikuwa na mlango.

Nilipowauliza wenzangu wanataka nini, walinijibu kwa adabu kwamba kila kitu ni kizuri, na adabu ile ilinichosha kuliko matusi.

"Tout iko bien, maman."

"Unaifunguaka?"

"Ah, maman! Nitaifungua."

Mimi si mtu wa kucheka ovyo. Mtu akinidanganya namwambia usoni, na mtu akikosea hesabu ya siku zake za likizo namrudishia fomu mara tatu mpaka aipate. Kwa hiyo pale kazini hakuna aliyekuja kukaa mezani kwangu bila shida. Saa sita mchana wengine walikwenda kwa mama anayeuza makemba, yaani ndizi za kupika, na samaki nyuma ya bandari, nami nilikula mezani, nikitazama kioo cha kompyuta. Sikuwa nimegombana na mtu. Sikuwa na mtu wa kugombana naye.

Mwezi wa tisa wa kazi yangu mama yangu alikufa kule Kindu. Ndege ya wiki ile ilikuwa imejaa, na walimzika kabla sijapata nafasi. Basi niliamua kukaa matanga hapa hapa Kisangani, peke yangu, kama desturi inavyotaka. Kazini kwetu tangazo la msiba liliandikwa kwenye karatasi, likabandikwa kwenye ubao wa mbao uliokuwa langoni, chini ya kibaraza kidogo cha mlinzi. Siku ya pili ya msiba, saa tisa alasiri, kamyo ya kampuni, lile lori la mizigo, huwashwa na kuwapeleka wafanyakazi matangani. Wamefanya hivyo tangu zamani, bila mkurugenzi yeyote kuwaamuru. Niliandika karatasi yangu, nikampa mlinzi, nikaenda nyumbani.

Nilikodi viti ishirini. Nyumbani kwangu ni vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu wengine, mwisho wa njia isiyopitika na gari wakati wa mvua. Nilivipanga viti uani, safu mbili. Nikazima simu, kwa sababu kila aliyepiga kutoka Kindu alikuwa analia na nilishindwa kuwasikiliza. Siku ya kwanza mwenye nyumba alikaa nami saa nzima. Usiku ikanyesha mvua kubwa. Siku ya pili nilikaa tangu saa nane, nikingojea mlio wa kamyo, mpaka giza likaingia. Hakuna aliyekuja. Waswahili husema kifo cha wengi ni harusi. Kifo cha mtu aliye peke yake hawasemi ni nini. Nilifuta viti ishirini kwa kitambaa, kimoja kimoja, nikavirudisha.

Siku ya sita niliporudi kazini, karatasi yangu haikuwa ubaoni. Nikajua: mvua iliibandua. Watu waliniambia "pole, maman" kwenye korido, mmoja mmoja, macho yao yakitazama chini, na mimi nikadhani wamesikia habari baadaye. Hasira yangu yote niliielekeza kwenye karatasi. Kampuni nzima, nilijiambia, na mtu anaachwa alie peke yake kwa sababu ya pini moja iliyoshika kutu! Niliapa kwamba hakuna mwingine atakayekaa hivyo, madhali mimi nipo na kompyuta yangu ipo.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya kazi yangu sawasawa. Aliyenifungua macho ni mtunza ghala wa Bangboka, mzee kuliko wafanyakazi wote, mtu mpole mwenye simu ndogo ya tochi ambayo haikuweza kufungua site hata kidogo. Nilimkuta siku moja amekaa juu ya magunia ya sukari, nikamuuliza swali lile lile nililowauliza wote.

"Maman, unauliza batu banataka nini," aliniambia kwa Kiswahili cha Kisangani, ambacho watu ni "batu". "Angalia kwanza banasomaka nini. Ku ile ubao banasomaka bintu tatu. Nani iko na zamu. Gari gani inaenda Bengamisa. Na nani amefiwa. Bingine yote ni makaratasi tu."

Kwa wiki mbili nilisimama karibu na lango kila asubuhi na kikombe cha chai, nikijifanya nangojea mtu. Alikuwa amesema kweli. Watu walisimama mbele ya ubao, wakatafuta jina lao kwenye zamu, wakauliza nafasi kwenye gari la Bengamisa, na kama kulikuwa na karatasi ya msiba walisogea karibu na kuisoma kwa sauti. Nikafuta ujumbe wa mkurugenzi kutoka ukurasa wa mbele. Yeye alilalamika, nami nikamjibu kwamba hata mke wake hausomi, jambo ambalo sikupaswa kulisema. Mahali pake nikaweka zamu, magari na misiba, kwa maandishi makubwa, kurasa nyepesi zinazofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Ilifanya kazi. Ndani ya mwezi mmoja watu waliingia kwenye site kabla hawajanywa chai. Dereva wa kamyo alinisimamisha ngazini, akaniambia ameona zamu yake akiwa bado kitandani, akacheka kwa furaha kama mtoto. Sitaficha: nilijiona mtu.

Na kwenye ukurasa wa misiba niliongeza kitu changu mwenyewe. Chini ya kila tangazo, baada ya jina la marehemu, la mfiwa na la barabara, niliweka kitufe cha rangi ya bluu kilichoandikwa "Pole sana". Ukikifinya, yaani ukikibonyeza, jina lako linaonekana chini na hesabu inapanda. Niliwaza hivi: hata mtu asiyeweza kufika atatoa neno, na mfiwa hatabaki bila neno. Niliwaza viti vyangu. Nilikitengeneza kitufe kile kwa uchungu, nikakipenda kuliko vyote.

Halafu nikamwomba mkurugenzi auondoe ubao. Mlinzi wa lango, ambaye wote humwita sentinelle, hakufurahi. Ni mtu mrefu, msemaji, na ubao ule ulikuwa wake, asubuhi alikuwa akiwazuia watu kwa mkono na kuwauliza, "Umesoma? Saa tisa unapanda ao hupandi?"

"Bon. Batu bakipita hapa, mimi nitabaambia nini?" aliniuliza, ameshika ubao kifuani.

"Hautabaambia kitu, papa. Batakuwa bameshajua."

Nilifurahi kusema maneno yale. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nilimsukuma mtu mwingine kwanza.

Ulipopita mwaka tangu msiba wangu, mke wa yule mtunza ghala wa Bangboka alikufa. Niliandika tangazo mwenyewe, kwa uangalifu, na picha yake ya kanisani, na barabara yao, iliyo kwenye njia ya kwenda kwa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko. Nililiweka saa mbili asubuhi. Kufikia mchana hesabu ilikuwa arobaini. Kesho yake mchana ilikuwa themanini na nne, na sisi hatufiki mia. Hata watu wa Bengamisa walifinya. Mhasibu alipita mezani kwangu, akaniambia, "Site iko bien sana, maman. Nimeshatoa pole."

Sikukumbuka kutazama kama kamyo imetoka saa tisa. Baada ya kazi nilichukua pikipiki, nikaenda matangani. Na lazima niseme nilikwenda kufanya nini, kwa sababu bado naona aibu: nilikwenda kumwonyesha hesabu.

Makuti ya mchikichi yalikuwa yamesimamishwa mwanzo wa barabara, kama kawaida penye msiba, na turubai limetandwa uani. Wanawake wa kanisa walikuwa ndani kwenye mikeka. Majirani walikaa upande mmoja, wamebanana, wengine wawili kwenye kiti kimoja. Upande wa pili safu nne za viti vya plastiki zilikuwa tupu. Mtu mmoja alitaka kukaa pale na mdogo wa mfiwa akamzuia: "Apana. Pale iko ya batu ya kazi."

Mzee aliniona, akasimama. Alinyoosha shingo kutazama nyuma yangu, barabarani.

"Maman, umekuya. Bengine iko nyuma?"

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilitoa simu, nikamfungulia ukurasa. "Papa, batu makumi munane na ine bamekutumia pole. Angalia, majina yote iko hapa. Hata batu ya Bengamisa."

Aliishika simu mbali na macho, kama wazee wanavyofanya. "Balituma namna gani?"

"Iko bouton. Mutu anafinya."

"Anafinya, halafu?"

"Halafu inahesabu."

Alitazama ile namba, akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Kama batu iko na kidole ya kufinya, maman," alisema bila hasira yoyote, "iko na miguu ya kukuya."

Nilikaa kwenye safu ya kwanza, peke yangu, na viti vitupu kulia na kushoto. Najua vizuri jinsi mtu anavyosikiliza mlio wa gari. Kila gari lilipopita barabarani mzee aliinua kichwa, na kila alipoinua kichwa nilitamani ardhi inimeze. Miaka thelathini alikuwa amewapimia sukari na kuwahesabia misumari, na matangani kwao alikuwa amekwenda kwa kila mmoja, na mimi nilikuwa nimewapa wote njia ya kumaliza jambo lake wakiwa wamekaa.

Nikajitetea. Ndiyo tabia yangu, hata nikiwa na makosa. "Papa, nilitengeneza ile kitu sababu ya karatasi. Wakati mama yangu alikufa, mvua iliangusha karatasi yangu. Hakuna mutu alijua. Nilikaa pekee yangu. Nilisema: isimufikie mutu mwingine."

Alinigeukia. "Yako haikuanguka."

"Ilianguka, papa. Niliporudi haikuwa pale."

"Sentinelle aliitosha ku ubao na mukono yake siku ya tano, kama anafanyaka. Maman, sisi bote tulisoma. Saa tisa tulipanda camion, batu kama makumi mbili. Mimi mwenyewe nilipanda, nilitoka Bangboka. Chauffeur akauliza: tunaenda avenue gani? Ku karatasi uliandika Kindu, uliandika kanisa ya Kindu, uliandika siku ya kuzika. Avenue ya hapa hukuandika. Tukaulizana: nani anajua kwake? Hakuna mutu. Sentinelle alipanda ku bureau kuuliza. Hakuna. Telephone yako iko fermé, umeizima. Tulikaa ndani ya camion mpaka saa kumi. Nyuma yake tukashuka."

Mwaka mzima nilikuwa nimeikasirikia mvua. Niliiona karatasi ile tena kichwani: jina kamili la mama, mahali alipozaliwa, kanisa, kaburi, saa. Niliiandika kama ninavyoandika kila kitu, bila kosa hata moja, na mimi mwenyewe simo. Watu ishirini walikaa juu ya kamyo saa nzima wakinitafuta, na mimi nimekaa na viti ishirini nikiwangojea, na kati yetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuombwa afike kwangu anywe maji.

"Tuliona haya," mzee aliongeza. "Mutu anafanya kazi na batu, banamuona kila siku, na mulango yake habaijui. Haya ilikuwa yetu na yako."

Kesho yake nilifika kazini kabla ya wote. Nilikifuta kitufe. Haikuchukua dakika tatu. Mahali pake niliandika tu: "Kamyo inatoka langoni saa tisa. Barabara ni hii." Kisha nikateremka langoni, nikamwambia mlinzi kwamba nilikosea, aulete ubao kama bado anao. Alikuwa nao. Alikuwa ameuweka nyuma ya kibanda chake, umefunikwa na gunia.

"Ah bon!" alisema, akiupangusa kwa mkono. "Leo maman wa site anakuya kwa sentinelle. Basi simama hapa na mimi. Ubao pekee yake haiulizake mutu."

Nikasimama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mlinzi aliwazuia kwa mkono wake mrefu na mimi nilipaswa kuuliza, kwa mdomo wangu, mtu mmoja baada ya mwingine, nikimtazama. Mhasibu alijaribu kupita. "Mimi nimeshatoa pole, maman. Ku site."

"Ile bouton nimeitosha. Ilikuwa mubaya. Saa tisa unapanda ao hupandi?"

Alinitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza. "Napanda," alisema.

Saa tisa tulikuwa wengi kiasi kwamba kamyo ilikwenda mara mbili. Nilikuwa kwenye ya kwanza, nimesimama nyuma, nimeshika upau. Tulipokata kona penye makuti, mzee alikuwa ameshasimama. Aliwapokea mmoja mmoja kwa mikono miwili, akawapeleka kwenye safu zile nne, na zilipojaa, mdogo wake akatoka mbio kutafuta viti vingine kwa jirani. Mhasibu alilia kuliko wote, na sikumlaumu.

Wakati wa kurudi dereva alikuwa akishusha watu njiani. Mimi nilizoea kushuka penye barabara ya lami na kumalizia kwa miguu, hata mtu akinipa lifti. Nikagonga bodi ashike breki.

"Apana, maman," dereva alipiga kelele kupitia dirishani. "Leo tunakufikisha."

"Njia ni mubaya."

"Imeshakauka. Onyesha tu."

Nilimwonyesha: kushoto, halafu kulia penye kiwanda cha matofali, halafu moja kwa moja mpaka mwisho. Tulikuwa tumebaki saba: dereva, mlinzi, mhasibu, wanawake wawili wa ofisi ya bandari, fundi wa magari, na mimi. Kamyo ilisimama mbele ya ua. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Nikashuka haraka, nikasema, "Asante sana, batu ya Mungu, tutaonana kesho," kwa sauti ile ninayotumia kumaliza mkutano.

Mlinzi alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye tairi. Akashuka. Akautazama mlango wangu, rangi yake, kufuli yake.

"Donc ni hapa," alisema.

"Ni hapa, papa."

"Tumechelewa, lakini tumefika." Akawageukia wengine. "Mushuke. Kwa huyu hatujakaa matanga."

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Dereva alizima injini. Wakaingia uani, wakakaa popote: wanawake kwenye ngazi ya saruji, fundi juu ya bidoni la maji, mhasibu chini kabisa na suruali yake nzuri. Niliwasha mkaa, nikaweka maji ya chai, nikaomba vikombe kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyezungumza habari za kazi. Nilipokosa kitu kingine cha kushika, mmoja wa wale wanawake alinivuta kitenge, nikaketi karibu yake.

"Sasa tuambie," mlinzi alisema. "Mama yako alikuwa mutu wa namna gani?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba aliuza mchele sokoni Kindu ili mimi nisome. Kwamba aliimba akipepeta. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimeyatunza yote na hakuna aliyeniuliza hata moja. Lakini kilichotoka kwanza ni kile kilichokuwa karibu na mdomo.

"Alikuwa mukali," nilisema.

Dereva ndiye aliyeanza kucheka. "Iyo tunajua, maman," alisema mlinzi. "Tunamuonaka kila asubuhi ku lango, ndani ya sura yako."

Wakacheka wote sita, hapo uani kwangu, na mimi katikati yao nikaanza kumlilia mama yangu.